Fisi wa Njia Mbili Hakufika Kisangani

Kijana wa Kisangani akinunua kamera yake ya kwanza, mara nyingi ya mitumba, hupewa pamoja nayo ushauri ambao hakuuomba: chagua kimoja. Kama ni mandhari, baki kwenye mandhari. Kama ni vyakula, baki na vyakula. Kama ni maisha ya watu mitaani, achana na maporomoko ya maji na sahani za samaki. Wakufunzi wa warsha husema hivyo, walimu wa YouTube husema hivyo, na hata wazee wa fani, ambao wenyewe walisomesha watoto kwa kupiga harusi, ubatizo, matanga na picha za vitambulisho katika juma hilohilo moja, nao husema hivyo bila kuona haya. Hoja ikipungukiwa nguvu, fisi huitwa aisaidie: njia mbili zilimshinda.

Ushauri huo umekubalika kiasi kwamba mpiga picha wa kujitegemea anayefanya yote matatu huanza kujieleza kabla hajaulizwa. Husema anafanya hivyo kwa sababu ya njaa, kwamba siku mambo yakinyooka atachagua. Hapana sababu ya kuomba radhi. Kwa mji kama Kisangani ushauri wenyewe ndio mbovu, na ubovu wake hauko kwenye mapato tu. Unaharibu picha.

Kwanza ijulikane migawanyo hiyo ilikotoka. Majarida makubwa ya Ulaya na Marekani yalikuwa na kurasa za safari, kurasa za mapishi na kurasa za habari, kila moja na mhariri wake na mfuko wake wa fedha. Mpiga picha aliyetaka kulipwa alijipanga kwenye foleni ya mhariri mmoja, na baada ya miaka mingi ya foleni akajiita bingwa wa fani. Mgawanyo wa kurasa ukageuzwa kuwa mgawanyo wa macho. Kisangani haina jarida la mapishi linalomlipa mtu mwaka mzima kupiga sahani, wala haina shirika la utalii linalonunua machweo kila mwezi. Kumwambia kijana wa mitaa ya Mangobo au Kabondo ajipange kwenye foleni isiyo na dirisha mbele yake ni kumtania.

Lakini tuache fedha kidogo, maana watetezi wa ubingwa hupenda kusema kwamba wao wanazungumzia sanaa na wenzao wanazungumzia tumbo. Tuzungumze sanaa.

Wagenia ndipo kila mgeni huanzia. Hapo ndipo lilipo poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwa takriban kilomita 100 tangu Ubundu, ambako mto Kongo hushuka mita 60 hivi na kulazimisha kujengwa reli ya kupitisha watu na mizigo nchi kavu. Wavuvi wa Wagenia hukita magogo marefu katika mashimo ya miamba, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la pia ili maji yenyewe yasukumie samaki ndani. Wanaume hupanda juu ya magogo hayo, huogelea katika maji yanayonguruma na kuinua vikapu kwa mikono. Picha zake zimeuzwa kwenye postikadi tangu enzi mji ulipoitwa Stanleyville.

Sasa iulizwe: hiyo ni picha ya fani gani? Magogo ni sehemu ya mandhari kama miamba ilivyo. Kilichomo kikapuni ni chakula cha jioni. Mtu aliyening'inia juu ya maji yuko kazini, kama alivyokuwa jana. Bingwa wa mandhari atangoja watu watoke kwenye fremu, na atapata maji meupe na miti iliyosimama bila sababu inayojulikana. Bingwa wa vyakula atamfuata samaki mpaka kwenye sahani, na atapata samaki anayeweza kuwa wa Mwanza, wa Bujumbura au wa popote. Bingwa wa maisha ya kila siku atasogea karibu na uso wa mvuvi mpaka mto utoweke, na mvuvi bila mto ni mtu mwenye nguo zilizolowa. Picha ya Wagenia inayokubali kuingia katika kundi moja bila ubishi ni picha iliyopigwa vibaya.

Kuna jambo jingine ambalo warsha hazilisemi. Wagenia mtu hanyanyui kamera hivihivi. Kuna mazungumzo, kuna malipo, kuna mtu wa kuulizwa. Anayekuja mara moja kwa mwaka kutafuta maporomoko hulipa kama mtalii na huonyeshwa kile wanachoonyeshwa watalii. Anayerudi kwa sababu nyingi, leo kwa ajili ya samaki, kesho kwa ajili ya mtumbwi unaotengenezwa, keshokutwa kwa ajili ya msiba wa jirani, huzoeleka mpaka watu wanaacha kujipanga mbele yake. Ukaribu huo haununuliwi kwa lenzi ndefu.

Halafu kuna jua. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile, robo saa hivi baada ya saa kumi na mbili, na jioni haikawii kuwa usiku. Mwanga laini ambao vitabu vya mandhari huusifu hudumu kwa muda mfupi asubuhi na muda mfupi jioni. Kati ya hapo, kwa saa nyingi, mto hugeuka bamba jeupe na nyuso za watu hupata mashimo meusi machoni. Na mvua hunyesha karibu kila mwezi, hivyo hata huo mwanga mfupi hauna ahadi. Bingwa wa mandhari aliye mwaminifu kwa fani yake mjini Kisangani ni mtu anayelala mchana.

Saa hizohizo za jua kali ndizo saa za vibanda vya chakula. Chini ya mabati na maturubai ya soko kuu mwanga huingia kwa ubavu, hugonga moshi, hutulia juu ya lituma, ndizi zilizopondwa zikingoja mchuzi, na juu ya liboke linalofunguliwa jani kwa jani. Ndipo mtu hujifunza kwamba turubai la buluu humtia samaki rangi ya maiti, na kwamba dawa yake ni kumwomba mama asogeze sinia nusu hatua kuelekea mlangoni, ombi ambalo hukubaliwa kama mwombaji naye amekaa na kula. Mvua ikianza watu hubanana humohumo, na mpiga picha amepata sura kumi za mji bila kuhama kigoda. Mwanga wa Ikweta umempangia ratiba: asubuhi mto, mchana chungu, jioni barabara. Anayeifuata hafanyi kazi tatu. Anafanya siku moja nzima.

Chungu chenyewe ndicho ushahidi mkubwa kuliko yote, na inafaa kukaa nacho. Sombe, majani ya muhogo, hutwangwa, hutiwa mawese, huchemshwa kwa muda mrefu. Muda mrefu maana yake makaa. Makaa huingia mjini katika magunia yaliyorundikwa nyuma ya baiskeli hadi mwendeshaji haonekani, au kwa mitumbwi na mashua za mbao kutoka vijiji vya kandokando ya mto. Kila gunia ni miti iliyokatwa mahali fulani ambapo bingwa wa mandhari angependa kupiga picha ya msitu usioguswa.

Kilomita 100 hivi kushuka mto iko Yangambi, yenye hifadhi, kituo cha utafiti wa kilimo cha tangu enzi za Wabelgiji, mkusanyiko mkubwa wa mimea iliyokaushwa na, tangu mwaka 2020, mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka katika msitu. Picha ya mnara juu ya ukungu ni nzuri na ina mnunuzi: taasisi za utafiti. Picha ya bakuli la sombe juu ya kitenge ni nzuri na ina mnunuzi: mwenye hoteli. Zikipigwa na mabingwa wawili, picha hizo hazitakutana maisha yao yote. Habari yenyewe iko kati yake, njiani, mabegani mwa mwenye baiskeli. Wanasayansi wa Yangambi wanajua kwamba mustakabali wa msitu unategemea sana watu wanapika kwa nini. Ni ajabu kwamba mpiga picha ashauriwe kutojua.

Nyama ya mwituni ni mfano mchungu zaidi. Katika masoko ya Kisangani nyani waliokaushwa kwa moshi wanauzwa mezani. Bingwa wa vyakula hugeuza kamera pembeni, kwa kuwa fani yake inadai picha ya kuamsha hamu. Bingwa wa wanyama humtaka mnyama akiwa hai. Meza ile huachiwa mwandishi wa kigeni aliyefika juzi, naye huipiga kwa namna moja tu, ya kutia kinyaa. Mtu aliyempiga mama yuleyule siku ya samaki, siku ya viwavi na siku ya nyama, akajua mzigo umetoka wapi na nani anaununua, anaweza kuionyesha biashara hiyo bila kuificha na bila kumgeuza mwenye meza kuwa kioja. Baadhi ya wanyama wale wanalindwa na sheria na picha haipaswi kuwasamehe wawindaji. Lakini hukumu inayotolewa bila kuona sufuria, bei na barabara ni hukumu ya kivivu.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, kwa sababu ipo. Mhariri wa Nairobi, Paris au Johannesburg, husemwa, hana muda. Anataka kujua ampigie nani simu kwa kazi gani, na mtu anayejiita mpiga wa kila kitu hakumbukwi kwa lolote. Hilo lina ukweli nusu. Mhariri anayetafuta picha kutoka Tshopo, mkoa wa Kisangani, hamtafuti kwanza bingwa wa sahani. Anamtafuta mtu aliyeko Tshopo, mwenye kujua mtumbwi wa kwenda Lubunga huondokea wapi, anayeongea Kiswahili na Lingala, anayeweza kutuma faili umeme ukiwa umekatika. Jina linalokumbukwa ni la mahali.

Historia ya fani hii katika ukanda wetu haiwaungi mkono wahubiri wa kimoja. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka ishirini. Dunia inamkumbuka kwa filamu ya njaa ya Korem, Ethiopia, iliyorushwa Oktoba 1984. Husahaulika kwamba mtu huyohuyo alitoa vitabu vya picha kuhusu hija ya Makka, kuhusu ziwa Turkana na watu wake, kuhusu reli ya Uganda na kuhusu nchi ya Kenya toka pwani hadi bara. Hakuna anayesema mandhari zilimpotezea jicho la Korem.

Kongo nayo ina Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufia Kinshasa mwaka 1997. Alitengeneza baiskeli, saa na redio kabla kamera haijamlisha. Akawa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, akazunguka usiku kwenye mabaa ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na baadaye akawa mpiga picha rasmi wa Bunge la Zaire. Mabaa na Bunge! Wakufunzi wa leo wangemwambia ajipange upya.

Mfano wa tatu unaihusu Kisangani yenyewe. Sebastião Salgado wa Brazili alikuwa mchumi kabla ya kuwa mpiga picha. Mwaka 1997 aliwafuata wakimbizi wa Rwanda walioangamia katika misitu ya kusini mwa mji huu, na alichokiona kilimvunja. Alirudi kwenye shamba la wazazi wake, yeye na mkewe wakaanza kupanda miti, na mradi wake mkubwa uliofuata, Genesis, ulikuwa wa mandhari, wanyama na jamii za mbali. Wapo waliomkosoa kwamba amekimbilia uzuri. Huo ni ukosoaji wa watu wanaodhani jicho lina chumba kimoja. Mtu aliyeona kilichotokea kando ya reli ya Ubundu hakuwa amekatazwa kuona mti.

Nyuma ya ushauri wa kuchagua kimoja hujificha ushauri mwingine, usiosemwa kwa sauti: kwa Kongo, kimoja chenye soko ni vita. Mandhari na mapishi ni anasa ya nchi tulivu, na anayepiga lituma wakati watu wanauawa anawasaliti. Hili ndilo toleo kali zaidi la hoja, na linawagusa vijana wengi wenye dhamiri.

Kisangani inaijua vita vizuri mno kuhitaji kukumbushwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana humu mjini kwa mizinga, na raia ndio waliolipa. Lakini itazamwe kazi iliyoibeba habari hiyo mbali kuliko zote. Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, aliwafuata wahanga wa siku hizo sita, wengi wakiwa wamepoteza viungo, waliposhuka mto kwenda Kinshasa kudai fidia. Filamu yake, En route pour le milliard, iliingia katika uteuzi rasmi wa Cannes mwaka 2020, ya kwanza ya Kongo kufika hapo. Na humo ndani kuna nini? Kuna watu waliobanana chini ya turubai, mvua inayowapiga usiku, ugomvi na mizaha ya safari, mto usiokwisha. Kuna mandhari na kuna maisha ya kila siku, na vita inaonekana kupitia hayo. Hamadi huyohuyo alikuwa ameshapiga wanafunzi wa Kisangani wakihangaikia mtihani wa taifa katika Examen d'État, mwaka 2014. Hakuna aliyemwambia kwamba mtihani wa shule ungemwondolea haki ya kuzungumzia mabomu. Kama ni malipo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 mnamo Februari 2022, zaidi ya miaka ishirini baada ya mapigano. Picha za moshi peke yake zisingewaeleza watazamaji wa 2022 ni nani hasa anayedai.

Jambo hilohilo lilionekana tena Lubunga, ng'ambo ya mto, mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipozuka mwaka 2023 na maelfu wakakimbilia upande wa pili. Aliyekuwa na picha za miaka iliyotangulia, za mashamba, za mihogo, za akina mama wakivuka na mizigo kwenda sokoni, alikuwa na kitu ambacho mtaalamu wa vita anayeshuka uwanja wa ndege wa Bangboka hawezi kukinunua: hali ya mahali kabla ya kuchomwa.

Wapiga picha wa Kivu wameshalielewa hilo. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mpiga picha Finbarr O'Reilly, mshindi wa tuzo ya Carmignac ya habari za picha, aliigeuza tuzo yake kuwa kazi ya pamoja na Wakongo, wakiwamo Arlette Bashizi, Guerchom Ndebo, Moses Sawasawa na Pamela Tulizo. Walituma karantini, masoko, mazingira, mitindo, maandamano na silaha, vyote chini ya mradi mmoja. Miaka minane kabla, huko Côte d'Ivoire, Peter DiCampo na Austin Merrill walikuwa wameanzisha mradi wa picha wa Everyday Africa baada ya kugundua kwamba picha za kawaida walizopiga kwa simu zilisema zaidi kuliko zile za baada ya vita walizotumwa kuzitafuta. Wageni wawili walihitaji safari ndefu kugundua jambo ambalo mkazi wa Tshopo hukutana nalo akitoka mlangoni.

Yapo mambo ambayo watetezi wa ubingwa wanayasema sawa. Kupiga chakula vizuri ni ufundi, na mtu akipiga mara mbili tu kwa mwaka itaonekana. Vifaa navyo ni mzigo: tripodi ya mto, lenzi ya karibu kwa sahani, lenzi nyepesi kwa mtaani, na joto la unyevu linalootesha kuvu ndani ya kioo kwa yeyote anayefungia kamera mkobani miezi miwili. (Hiyo, kusema kweli, ni sababu ya kuitumia kila siku.) Na kweli mkusanyiko wa picha usio na mpangilio humchosha mhariri. Dawa yake lakini ni kupanga kwa habari na mahali badala ya kupanga kwa fani: Lubunga, reli ya Ubundu, njia ya makaa, mahafali ya Unikis, Chuo Kikuu cha Kisangani. Mhariri akifungua njia ya makaa atakuta msitu, baiskeli na chungu, na hatauliza mpigaji ni bingwa wa nini.

Tena kuna bei. Mteja wa Kisangani, awe mwenye hoteli au shirika la misaada, humjua haraka mpiga picha mwenye mteja wa aina moja tu. Humwambia picha ni kubonyeza kidude, humwekea mkataba unaochukua haki zote, humlipa baada ya miezi. Anayejua kwamba Jumamosi ana harusi na Jumatatu ana watafiti wa kuwapeleka mtoni anaweza kuurudisha mkataba huo mezani. Ujira mdogo wa wapiga picha wengi unatokana pia na kutoweza kusema hapana, na wahubiri wa kimoja hawajawahi kueleza mtu asemeje hapana kwa mteja wake wa pekee.

Warsha ijayo inaweza kulijaribu hili kwa gharama ndogo. Badala ya kuwagawa wanafunzi katika makundi matatu, wakufunzi wawape gunia moja la makaa walifuate, tangu tanuru lilipochomewa hadi chungu kitakapoepuliwa, usiku mmoja kijijini ukiwamo. Watahitaji betri za akiba, mfuko wa kuzuia mvua na ruhusa ya mwenye gunia, na wajiandae kusaidia kusukuma baiskeli kwenye vilima.